Daktari wetu sasa yumo ndani ya kioo

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na ukiona ndefu punguza, lakini tafadhali usiniondolee khabari ya mguu, utaikuta huko mbele.

Mie ni mkulima wa mwani, naishi kaskazini ya Pemba, shamba khasa, kule ambako gari ya mwisho ikishapita alaasiri basi tena mpaka kesho, labda upate bodaboda na yeye akufanyie bei anayotaka. Kituo chetu cha afya sitokitaja jina manake manesi wa pale ni watoto wetu na kosa si lao. Kituo hichi kwa miaka kilikuwa na daktari anaekuja Jumatatu na Alkhamis. Si bingwa, daktari wa kawaida tu, kijana, ana vespa yake, ukiisikia inapanda kile kilima cha minazi unajua saa mbili na nusu imefika na watu wanaanza kujisogeza kwenye baraza. Tokea mfunguo mosi haji tena. Tumeambiwa kapelekwa kwengine kwenye watu wengi zaidi, na badala yake imewekwa tableti. Ipo juu ya meza yake imeegemezwa kwenye kiboksi cha glavu, ukiingia unakaa kwenye kilekile kiti cha mgonjwa lakini mbele yako kuna kioo na ndani ya kioo mna daktari alieko mjini.

Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, aliwatangazia wanaume msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na wao wakaja kutuambia majumbani, kwamba huduma imeboreshwa. Neno hili kuboresha mie nimeanza kuliogopa. Barabara ikiboreshwa unakula vumbi mwaka mzima lakini mwisho wake angalau unaona lami, hii ya sasa lami yake sijaiona iko wapi. Hakuna alietuuliza nyinyi mnaonaje, si wazee si kamati ya afya, tulikuta tu vespa haipo.

Kabla hamjanambia kuwa mie bibi wa shamba nachukia mambo mapya, barua hii naiandika kwa simu, nimekaa ufukweni nasubiri maji yatoke, na picha za mwani wangu nawatumia wanunuzi kwa simu hiihii. Kwaiyo hilo tulimalize hapa.

Nianze na mkwe wangu. Bibi ana miaka 74, kwa muda alikuwa analalamika moyo unamwenda mbio akitoka kisimani na usiku masikio yanamvuma. Nikampeleka. Nesi katupokea vizuri, kampima presha, kaandika kwenye faili, kaibonyeza bonyeza ile tableti ikalia kama simu inavolia, mara uso wa mtu ukatokea. "Shikamoo bibi, unajisikiaje?" Bibi kaangalia mlangoni. Kaangalia dirishani. "Yuko wapi huyo anaeniamkia?" Nesi kamwambia huyo hapo bibi, mbele yako. Bibi kamkodolea macho alafu kauvuta ukaya wake mpaka kwenye nyusi, manake nyuma ya daktari kulikuwa kunapita mtu mwengine na kikombe cha chai na bibi kamuona. Toka hapo kila anachoulizwa jibu lake ni moja, sijambo mwanangu, alhamdulillah. Sasa mtu kaja spitali anasema hajambo, utamtibu nini.

Daktari wa watu nae alijitahidi, sitomsema vibaya. Kamwambia nesi amvute kope chini aone kama damu imepungua. Nesi mkono mmoja kashika tableti mkono mmoja anavuta kope, bibi anapepesa, na ile taa ya chumbani inakifanya kila kitu kiwe rangi ya samawati. "Msogeze dirishani." Tukamsogeza. Jua likapiga kwenye kioo hakuna kinachoonekana. "Mgeuze." Tukamgeuza. Bibi wa watu kazungushwa mule chumbani utasema yumo kwenye ngoma ya msewe. Daktari kasema naona kama peupe lakini sina uhakika, na hapohapo picha ikaganda, mdomo wazi jicho moja limefumba, tukabaki sisi tunamuangalia na yeye anatuangalia. Ilivorudi wagonjwa wa vituo vyengine walishajaa kwenye foleni yake, akatuandikia haraka haraka tukapime damu wilayani. Gari mbili kwenda gari mbili kurudi, na bibi mwenye moyo unaokwenda mbio. Damu ilikuwa chini kweli.

Yule wa vespa nimeshamuona kazini mara nyingi kwaiyo najua angefanya nini. Kwanza angekaa kitako aulize mwani msimu huu bei gani. Alafu dole gumba kwenye kope, angekigeuza kiganja cha bibi akakilinganisha na chake, angemlaza akamtia mkono ubavuni kushoto chini ya mbavu kuangalia bandama, na huku anamzungumzisha khabari za marehemu mumewe. Dakika tatu nne. Bibi mwenyewe bila kuulizwa angemwambia na yale ambayo mie mkwewe sijawahi kuyasikia.

Sasa khabari ya mguu.

Mwaka juzi mume wangu alikwenda kituoni kwa kikohozi. Kikohozi tu, na nilimlazimisha manake mwenyewe hapendi. Daktari kamsikiliza kifua, kamwandikia dawa, mume wangu kasema ahsante kainuka zake katoka. Sakafu ya kituo ile ya saruji nyekundu, nesi mkuu anaipiga nta kila Ijumaa inang'aa unajiona uso. Daktari anasema alikuwa anaandika kwenye kitabu akainua macho tu, akaona pale alipokanyaga mume wangu kuna alama ya maji, ndogo, kama senti, kwa ndara ya mguu wa kushoto peke yake. Moja, mbili, tatu mpaka mlangoni. Kamwita, "Ami, hebu rudi kidogo. Vua ndara." Chini ya dole gumba la mguu mlikuwa na kidonda kimetoboka na ndani yake mna kipande cha chaza. Kipande cha chaza jamani! Mtu kakanyaga chaza pwani, kimemwingia, kakaa nacho sijui siku ngapi anatembea nacho kaenda nacho mpaka shamba la mihogo na hana khabari. Daktari kachukua ncha ya kalamu akamgusa gusa vidole, unasikia hapa, sisikii, na hapa, sisikii. Kapimwa sukari ikakutwa iko juu sana.

Wasiojua niwaambie kidogo manake na mie nilikuwa sijui, sukari ikikaa mwilini miaka bila kujulikana inaua hisia za miguuni, mtu anakanyaga msumari hajui, kidonda kinaoza taratibu na yeye anaona yuko sawa, na mwisho wake mnaujua, huku kwetu kila kijiji kina mzee wake aliekatwa mguu anaetembelea gongo. Mume wangu mguu anao mpaka leo kwa sababu ya alama ya maji sakafuni. Na kila mwezi tokea siku ile daktari alikuwa anauchukua ule mguu anaupakata kwenye goti lake, suruali yake ileile nyeupe, anapanua kidole kimoja kimoja anaangalia baina. Mume wangu ana kiburi kidogo (atanisamehe) na mwanzo alikuwa anauvuta mguu, mtu mzima kushikwa mguu na kijana, lakini yule kijana alimwambia ami mie ni kama mwanao, ungekuwa mguu wa baba ningeushika. Basi akatulia.

Nakuuliza Mhariri, ile tableti inaonyesha wapi? Inaonyesha uso. Ukikaa mbali inaonyesha na kifua. Sakafu haioni. Haimuoni mtu anavoingia anashika kizingiti kwanza ndo anavuka, haisikii harufu ya kidonda, haimuoni mama anaesema sijambo na huku kakalia upande mmoja. Mwezi uliopita mume wangu kenda kwenye zamu yake ya sukari, kioo kimemuuliza vipi mguu, kajibu mzima. Kikaandika mzima. Mtu ambae mguu wake hausikii chochote ndo anaulizwa yeye kama mguu wake mzima!

Kuna na hili la haya, nalo ntalisema ijapokuwa gazeti linasomwa na watoto. Hapa mtaani kuna mzee ana busha. Wanaume wa pwani wanajua, maradhi ya mbu hayo, yanatibika, yanapasuliwa, na daktari wa vespa alikuwa ameshamshawishi kwa miezi, pole pole, leo wanazungumza mpira kesho wanazungumza karafuu, mpaka mzee akakubali kuonyesha. Kabla ya siku hiyo kufika daktari kaondoka. Mzee kenda akakuta kioo. Kauliza nionyeshe humo? Kaambiwa ndiyo mzee hakuna anaeona isipokuwa daktari. Na mlango wa chumba wenyewe haufungiki, manake soketi ya mule ni mbovu na waya wa ekstensheni wa kuchajia hiyo tableti unatoka chumba cha pili unapita mlangoni, kwaiyo mlango umebaki nusu wazi na nje kumejaa kina mama na watoto wa chanjo. Mzee kavaa kofia yake kaondoka. Hajarudi na hatorudi. Watu wakamcheka wakasema mficha uchi hazai. Sawa, lakini uchi unamuonyesha mtu, mtu ambae ukikutana nae njiani kesho anakuamkia na anajua kunyamaza, hizo picha mie sijui zinakaa wapi zikishapita na mzee nae hajui na hakuna aliemueleza.

Kina mama ndo zaidi. Mwanamke huku haanzi na ukweli. Anakuja anasema tumbo linaniuma, anapewa dawa, anarudi mwezi wa pili anasema kiuno, mwezi wa tatu akishamuona daktari ni yuleyule na hakumcheka na khabari zake hazijazagaa mtaani, ndo anasema nina uvimbe kwenye ziwa. Sasa kwenye kioo leo huyu wiki ijayo yule, mara mwanamme mara mwanamke, kila mmoja anaanza upya unaumwa nini mama, na mama anaanza upya, tumbo. Hatufiki mwezi wa tatu.

Wazee wetu wametibiwa na Wachina tokea 1964, timu ya mwanzo ilikuja mwaka uleule wa Mapinduzi, na mpaka leo wapo Unguja na wapo huku kwetu Mkoani. Mamaangu alipasuliwa tumbo na Mchina. Kiswahili chake mamaangu alikuwa anatuhadithia kilikuwa maneno matatu, inauma, haiumi, pumua. Basi yule bwana alimbonyeza tumbo kwa vidole taratibu huku macho hayatoki usoni kwa mama, anabonyeza anaangalia uso, anabonyeza anaangalia uso, alipofika mahala mama akakunja uso kidogo tu hata hakusema kitu, Mchina akatikisa kichwa, ndo penyewe. Hawakuwa na lugha lakini walielewana. Leo daktari wangu ni mtoto wa kwetu, Kiswahili chake kama changu, lakini vidole havimfikii mtu. Na Wakyuba nao walikuja wakasomesha vijana wetu udaktari hapahapa Zanzibar, tulifurahi, tulisema sasa tutakuwa na wa kwetu. Ndo hao.

Najua nitakavojibiwa. Nitaambiwa madaktari wachache, wagonjwa wengi, daktari mmoja akikaa mbele ya tableti anahudumia vituo vitano kwa siku bila kupoteza muda njiani. Kweli. Sina hesabu ya kupinga. Nitaambiwa pia kuwa hata mie imenisaidia, na hilo pia kweli na lazima niliseme nisije nikaonekana mnafiki. Mjukuu wangu alitoka mabaka kichwani na shingoni, dawa za hapa hazikufaa, wakapiga picha kwa tableti hiyohiyo wakampelekea bingwa wa ngozi Unguja, siku ya pili jibu limerudi na dawa yake, mtoto kapona. Bila ya hivo ningepanda boti. Na sisi watu wa Pemba boti tunaipanda lakini kila mmoja anamkumbuka mtu wake, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kule Nungwi inakuja huku kwetu, kwaiyo mtu akinambia hutovuka bahari na mtoto mgonjwa namshukuru kwa mikono miwili.

Lakini mabaka ni kitu cha kuonekana. Yanapigwa picha. Na nesi alikuwepo, kamshika mtoto kichwa, na ule wakati daktari wa vespa bado alikuwa anakuja, yeye ndie alieamua picha ipelekwe na akaandika maneno ya kumwambia bingwa aangalie nini. Kumbe tableti ilikuwepo muda wote na tukaishi nayo vizuri tu, ilikuwa mkononi mwa daktari. Tatizo limeanza walipompa kiti chake.

Na mfano mwengine tunao hapahapa, sijui kwa nini wakubwa hawautumii. Malaria. Vijana wa leo hawajui malaria ilivokuwa, sisi tumezika. Ikapigwa vita kwa vyandarua na dawa za kupulizia majumbani na dawa mpya mpaka ikashuka chini ya asilimia 1, na simu ilikuwa kwenye vita hivyo, tokea 2008 vituo vilikuwa vinatuma taarifa kwa ujumbe wa simu na baadae 2012 maofisa wa malaria wa wilayani wakapewa na tableti. Lakini ilikuwa inafanya nini hiyo simu? Mgonjwa mmoja akionekana na malaria kituoni nesi anatuma ujumbe, na ujumbe ukifika wilayani ofisa wa malaria anapanda pikipiki anakuja mpaka nyumbani kwako, anabisha hodi, anawapima nyumba nzima mpaka mtoto wa jirani aliekuja kucheza, anainua chandarua anaangalia kama kimetoboka. Nimepata kupimwa hivo mie mwenyewe, nimekaa kwenye mkeka uani. Simu ile ilikuwa inamleta mtu. Hii ya sasa inamchukua mtu.

Majengo tumejengewa na nashukuru, zile hospitali 10 za wilaya na ile ya mkoa kule Lumumba Unguja zilizojengwa kwa fedha za UVIKO-19, nzuri kwa kweli, nimekwenda na bibi nimeona, vyumba vina baridi vipimo vipo. Lakini wilayani si mlangoni kwangu, na mtu wa shamba haamki akasema leo nakwenda wilayani kwa sababu nina uchovu. Anakwenda akishabebwa. Kilichokuwa kinamuwahi kabla hajabebwa ni ile vespa.

Kuhusu umeme na mtandao sitaki hata kuchukua muda mrefu. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, tokea 2010, kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya Wesha na tulijua shida yake, kwaiyo silalamiki. Ila ukikatika unakatika, na masika mtandao wa huku unakuwa kama mtu mwenye usingizi. Alkhamis moja tulikaa barazani toka saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri watu ishirini na kitu tunasubiri kioo kiwake. Nesi anatoka anasema bado, anaingia, anatoka, bado. Kuna mama alikuja na mtoto ana homa katembea kwa miguu toka ng'ambo ya mkondo, saa sita kaondoka na panado. Vespa ilikuwa na tabia ya kuharibika pia, sisemi uongo, lakini ikiharibika daktari alikuwa anakuja kwa daladala.

Ninachoomba si kikubwa. Siombi bingwa, siombi tableti iondoshwe, ibaki, ifungwe hata mbili. Naomba daktari arudi angalau siku moja kwa wiki, Jumatatu tu basi, na siku hiyo awaone kwa macho wale ambao kioo hakiwafai, wenye sukari na miguu yao, kina mama, watoto wenye homa zisizoisha, wazee wanaosema hawajambo. Siku nyengine nesi atumie kioo kwa yale yanayofaa na manesi wenyewe wanayajua, waulizwe wao. Naomba ile soketi itengenezwe ili mlango ufungike na pawekwe pazia, hii kazi ya fundi mmoja nusu siku. Naomba tuwe na daktari mmoja au wawili wa kwenye kioo wasiobadilika, tuwajue majina. Na siku ambayo hakutokuwa na mtandao sheha apigiwe asubuhi atangaze, watu wasipoteze nauli. Sheha ana simu.

Na mtu aje atuambie kwa kinywa chake kwa nini daktari kaondolewa. Labda sababu ipo nzito na tutaielewa, sisi si watoto. Tulichokatazwa ni kuuliza tu, nesi ukimuuliza anasema mie sijui mama na unaona kweli hajui na yeye kamkumbuka mwenzake, manake kazi zote za mikono zimemuangukia yeye, anavuta kope anabonyeza tumbo anashika tableti, alafu uamuzi anafanya mtu alie mbali kwa kuamini maneno yake. Kama anaaminiwa kiasi hicho basi asomeshwe zaidi na aongezewe mshahara, lakini hiyo ni barua nyengine.

Jumatatu ijayo ni zamu ya mume wangu. Safari hii nakwenda nae mwenyewe na mwani utanisubiri. Nimeshamuosha mguu na nimeuangalia kwa tochi, baina ya kidole cha tatu na cha nne naona kitu kama cheupe, sijui ni fangasi sijui ni nini, mie si daktari. Nitamvua ndara palepale mlangoni, nitamuomba nesi aishushe ile tableti kutoka kwenye kiboksi cha glavu aiweke chini sakafuni iangalie juu, na mume wangu auweke mguu wake mbele yake. Tukijaaliwa na mtandao.

Mkulima wa mwani,
Kaskazini Pemba